Sikio la Kushoto la Fundi

Siku ya kwanza nilipompelekea gari, Fundi alinishika bega akanihamisha kutoka upande wake wa kulia hadi wa kushoto, hata kabla hajaitikia salamu yangu. "Huku kumekufa, dada," akasema, akigusa sikio la kulia. "Ongea na huku." Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Sikio la kulia lilikuwa limekufa siku nyingi, na la kushoto ndilo lililokuwa likimlisha yeye, binti yake na wajukuu, maana kazi yake ilikuwa kusikiliza magari makubwa yanavyoamka asubuhi.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nilikuja Kigali kufanya kazi katika ofisi ya mizigo, nikapanga nyumba Kagarama, na humo nimezeeka bila kukusudia. Gari langu ni kubwa, lenye safu tatu za viti. Nililinunua likiwa limekwisha tumika, kwa sababu ukoo wangu haujui kusafiri kwa uchache. Kila mwaka huvuka nalo mpaka wa Rusumo kwenda nyumbani, nikirudi na dagaa, shangazi na malalamiko. Gari la namna hiyo likikufia njiani pale katikati ya pori, hakuna wa kukusukuma. Kwa hiyo miaka yote hiyo sikumwendea Fundi kwa mapenzi. Nilimwendea kwa woga, kama tunavyowaendea madaktari.

Ugonjwa wenyewe ni huu, nao nimeueleza kwa watu wengi mpaka nimechoka. Ndani ya injini kuna cheni inayovifanya vyuma vya juu na vya chini viende kwa mwendo mmoja. Kuna kidude kinachoikaza cheni hiyo kwa nguvu ya oili, nacho mafundi wanakiita tenshena. Gari likilala, oili inashuka. Ukiwasha asubuhi, tenshena iliyochakaa inachelewa kupata nguvu, na cheni iliyolegea inapiga kelele, krrrr, kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye bati. Halafu oili inapanda, kelele inakatika, na gari linakuwa jema kutwa nzima. Hapo ndipo penye balaa. Mwenye gari anasema, ah, limepona. Analiendesha hivyo mwezi, mwaka, hadi siku cheni inaporuka meno na injini inajivunja yenyewe kwa ndani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na nadhani walikuwa na gari la safu tatu.

Nilimwambia Fundi methali hiyo, akaipenda, akaanza kuwaambia wateja wengine kama ya kwake.

Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya kule, kimenyooka kwa namna yake, nami nilikisikia vizuri kuliko Kinyarwanda cha jirani zangu. Tulikuwa tukibishana kuhusu Kiswahili cha nani ni kibovu. Yeye alisema sisi Watanzania tunaongea kama watu wanaosoma taarifa ya habari. Mimi nilimwambia yeye anaongea kama mtu anayeteremsha magunia. Tulifurahia matusi hayo kwa sababu katika mji ule wa watu wastaarabu, wanaoongea polepole na kwa sauti ya chini, hatukuwa na mwingine wa kutukanana naye.

Gereji yake ilikuwa Gisozi, na hapo ndipo sikuwahi kumwelewa. Mtu anayeishi kwa sikio, gereji yake ipo katikati ya maseremala! Kulia mashine za kuranda, kushoto misumeno, nyuma wachomeleaji na majenereta yao. Kuanzia maseremala wanapofungua milango hadi jioni, pale huwezi kusikia jina lako. Nilimuuliza kwa nini hahami.

"Nilikuta hii kiwanja iko na utulivu," akasema. "Mbao zilikuja nyuma yangu. Sasa nikimbie mbao?"

Basi akatafuta njia ya kuishi na mbao. Aliwahi alfajiri, akasikiliza magari wakati mtaa umelala, na mashine ya kwanza ya kuranda ilipokohoa alitoa pamba mfukoni, akaiviringa kwa vidole viwili, akaitia katika sikio la kushoto. Tangu hapo mpaka jioni alifanya kazi kwa mikono na macho. Ukitaka kumwambia jambo ulipiga kelele au ulionyesha kwa ishara, nasi sote tulizoea. Alilitunza sikio hilo kuliko nilivyowahi kuona mtu akitunza kiungo chake. Hakupanda pikipiki, kwa sababu eti kofia ya abiria inabana masikio. Alipanda na kushuka vilima vile kwa miguu, mzee mzima, akifika akiwa amelowa jasho, na akikuta umemsubiri hakuomba radhi.

Sheria zake zilikuwa chache na hakuna aliyezivunja. Gari lazima lilale kwake. Hakugusa gari lililotoka barabarani, hata liwe la nani. "Gari ikiwa moto iko nadanganya," alisema, "kama mtu ameshiba." Asubuhi mwenye gari afike mwenyewe, asitume mtu. Redio izimwe, simu zizimwe, feni izimwe, na asiwepo wa kusalimia mwenzake. Boneti inafunguliwa. Mwenye gari anasimama mbele, pua kwa pua na injini. Mlinzi wa gereji, mtu mfupi wa Ngozi, kule Burundi, aliyevaa kofia ya sufi hata jua likiwaka, anaketi kwenye usukani, dirisha limeshushwa. Fundi mwenyewe anasimama pembeni, upande wa dereva, uso kuelekea mlinzi, sikio la kushoto limeinamia injini. Anainua kidole. Mlinzi anawasha.

Kisha, kelele ikiisha, Fundi anamgeukia mwenye gari na kuuliza neno moja: "Umesikia?"

Ukisema hapana, gari linalala tena. Ukisema labda, linalala tena. Magari mengine yalilala pale wiki nzima kwa ubishi wa wenyewe. Nilimwambia anawatesa watu.

"Mimi nikimwambia, atasema fundi anatafuta kula," akajibu. "Akisikia yeye mwenyewe, atagombana na nani?"

Wateja wake wengi walikuwa wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, na huko alikuta kosa ambalo sidhani kama lipo pengine. Madereva wa kule wana adabu. Bosi hajatoka ndani, dereva ameshafika, ameshafuta vioo, ameshawasha gari ili bosi akiingia akute viti vina joto na injini imetulia. Hiyo ndiyo heshima ya kazi. Kwa hiyo bosi hajawahi hata mara moja kusikia gari lake linavyoamka. Anayesikia ni dereva, na dereva akisikia ananyamaza, kwa sababu akisema gari lina kelele ataulizwa amelifanya nini.

Nilikuwapo siku bosi mmoja wa namna hiyo aliposikia gari lake kwa mara ya kwanza. Alikuja na nguo za mazoezi, mtu mkubwa wa mwili, dereva wake, mtu wa makamo, akiwa nyuma yake. Mlinzi akawasha. Krrrrr. Bosi akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Hii kelele imeanza lini?" akamuuliza dereva.

Dereva akatazama viatu vyake. "Kitambo, boss."

"Kitambo! Na ulikuwa kimya?"

"Inanyamaza, boss. Nilikuwa ninaiwasha mapema ili usisumbuke."

Bosi akamwambia palepale aache funguo, aende zake. Sote tukatazama pembeni, maana kuona mtu mzima akifukuzwa kazi hadharani ni jambo baya hata kama si ndugu yako. Dereva akaziweka funguo juu ya tairi. Fundi, ambaye aliwachukia madereva na kuwaita wauaji wa injini kila siku ya Mungu, akazichukua zile funguo akamrudishia.

"Mzee," akamwambia bosi, ingawa bosi alikuwa mdogo kwake, "huyu alikuheshimu kupita kiasi, ndiyo kosa yake. Ukimfukuza, atakuja mwingine, na yeye atakuheshimu hivyohivyo. Mimi hii gari nitaitengeneza akiwa anaiendesha huyu. Kama haiendeshi huyu, ipeleke kwingine."

Bosi alikasirika, akaondoka kwa miguu hadi barabarani. Kesho yake dereva alirudi na gari lilelile, ametumwa na bosi, na Fundi akamkaripia tangu getini hadi mwisho, kwa nini aliua injini ya watu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwa wateja alikuwa mkali, kwa injini alikuwa mpole. Akifungua injini iliyochoka sana, ungemsikia akiiambia "ihangane, ihangane," neno ambalo Wanyarwanda humwambia mfiwa, huku akipangusa oili kwa kitambaa. Sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo mtu aliyelipa. Magari makubwa aliyadharau. Alisema gari dogo linalia mapema kama mtoto, lakini kubwa linameza maumivu mpaka lizimike. Akila, alikula ameegemea mojawapo.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika wa injini. Alikosea. Kuna siku alimwambia mwalimu mmoja wa shule kwamba tenshena imekwisha, akafungua mbele yote ya injini, na kazi hiyo si ndogo, kumbe kilichokuwa kikilia ni kipande cha bati kilicholegea kwenye bomba la moshi. Alirudisha kila kitu kama alivyokikuta, na siku ile hakula chakula alicholetewa na binti yake. Vijana wa gereji ya ng'ambo ya barabara walikuwa na kompyuta ya kupima magari, na mara nyingi kompyuta ilisema kweli. Hakuwaonea wivu. "Ile iko na masikio mengi," alisema, "mimi niko na moja." Akawapelekea kazi ambazo hakuwa na hakika nazo, nao wakamletea zao.

Na alipenda kusema jambo moja kuhusu tenshena, kila alipotoa ya zamani na kukuonyesha. Aliibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea taratibu, ikachelewa kurudi. "Angalia, dada. Haikuvunjika. Haiko na ufa. Imechoka tu." Mimi nilikuwa nikitoka kazini na karatasi za forodha kichwani, magoti yananiuma, kilima cha kurudi nyumbani kinanisubiri, nami nilikuwa nikimjibu, "Basi nitoe na mimi, Mzee, uniwekee mpya." Akacheka kila mara, kama kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Sote tuliomzunguka tulijua kwamba lile sikio likizima, gereji imezima. Tulijua, tukaacha kulifikiria, kama unavyoacha kufikiria kwamba mama yako atakufa. Binti yake aliniambia siku moja, akimimina chai ya maziwa, kwamba siku hizi kanisani baba yake anaimba akiwa ametangulia wenzake mstari mzima, na kwamba nyumbani redio inasikika hadi kwa jirani. Tukacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempigia simu mara nyingi asipokee, nikasema ni maringo ya uzee.

Mara ya mwisho nilipompelekea gari ilikuwa kabla ya safari ya Mwanza. Mdogo wangu alikuwa akimwoza binti yake, na gari lilikuwa lijae watu. Nami nilikuwa nimesikia. Nyumbani Kagarama, baada ya swala ya alfajiri, niliwasha gari nikasikia krrrr, fupi, halafu kimya. Nikakaa pale na mikono kwenye usukani, nikataka sana kuwa nimesikia vibaya. Jioni nikalipeleka Gisozi likalale.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imenyesha. Nilifika mtaa ungali kimya, misumeno imefungwa, maji yanatiririka mtaroni. Fundi alinikaribisha kwa utani wake wa siku zote: "Nyinyi Waislamu muko na bahati, munaamka mbele ya moteri ya gari." Alikuwa amekonda. Mlinzi aliniinamia kichwa, akapanda kwenye usukani, akashusha kioo. Boneti ikafunguliwa. Lakini mahali pangu pa kusimama, mbele ya injini, palikuwa na dimbwi la maji, nami nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi. Nikalizunguka dimbwi, nikaenda kusimama nyuma ya mgongo wa Fundi, upande wa sikio lililokufa. Hakujua kama niko pale.

Miaka yote nilikuwa nimesimama mbele, na boneti ikiwa juu, kutoka mbele huoni kitu isipokuwa injini na upande wa uso wa Fundi. Sasa niliona alichokuwa akikiona yeye. Aliinua kidole. Mlinzi akawasha, na cheni ikalia, krrrrrr, ndefu kuliko ile ya nyumbani, mpaka nikakunja uso. Mlinzi alikuwa ameegesha kiwiko dirishani, kiganja kinaning'inia nje. Cheni ilipolia, kiganja kilifunguka. Kikabaki wazi muda wote kelele ilipokuwapo. Kelele ilipokatika, kikafumba.

Fundi alikuwa akitazama kile kiganja. Hakuitazama injini, wala hakufumba macho kama mtu anayesikiliza.

Mlinzi ndiye aliyeniona kwanza. Akaurudisha mkono ndani haraka, kama aliyeungua, na Fundi akageuka, akanikuta nyuma yake. Tukatazamana. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri, imetulia, inadanganya. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia pia kwa ajili ya safari yangu, shangazi zangu wote na lile pori, nisiseme uongo.

Hakuuliza kama nimesikia. "Umeona?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nimechelewa ofisini, nikachukua funguo, nikavuka barabara hadi kwa wale vijana wa kompyuta, na yeye asingenilaumu. Mlinzi alizima injini. Mtaa ukawa kimya hata nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

Nikahamia upande wa kushoto, kwa mazoea. Kisha nikaona ni upuuzi, nikasimama mbele yake ili aone mdomo wangu.

"Nimeona, Mzee," nikasema. "Na nimesikia. Tangu jana nimesikia. Cheni ni mbovu, mkono wa Mlinzi umesema kweli. Lifungue."

Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza. Kisha akatazama mikono yake, akaigeuza, kiganja na mgongo, kama mtu anayekagua vifaa kabla ya kazi. Ilikuwa mikono ileile.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akainua mabega. Akagusa sikio la kushoto kwa kidole kilekile alichogusia la kulia siku ya kwanza.

"Haijakufa, dada," akasema. "Imechoka tu."

Nikachukua funguo kwa Mlinzi, nikamwekea Fundi mkononi, nikavifumba vidole vyake juu yazo. Ng'ambo ya ukuta, seremala wa kwanza alisukuma mlango wake wa bati, tukasikia, mimi na Mlinzi, mashine ya kuranda ikikohoa. Fundi hakugeuka. Alimtazama Mlinzi, na Mlinzi akamwonyesha ukuta kwa kichwa. Basi akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha pamba, akakiviringa polepole kwa vidole viwili, akakitia katika sikio la kushoto, akainamia injini yangu.